Aliyegonga kwa nyuma si lazima awe na kosa

Hapa Mbeya utaambiwa kila kijiwe: aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, basi. Mara nyingi ni kweli, kwa sababu hakuacha nafasi. Lakini si kila mara. Unateremka Mlima Nyoka, gari linakupita, linakuchomekea ghafla na kushika breki. Umeligonga kwa nyuma, ila anayehama njia ndiye anayepaswa kuhakikisha kuna nafasi. Indiketa ni taarifa tu, haimpi haki ya kuingia. Ndiyo maana trafiki anapochora ramani ya ajali huangalia alama za matairi, vioo vilipoangukia, na bampa: limebonyea katikati au kona tu? Kona iliyokwaruzwa hadi ubavuni huashiria gari lilikuwa bado linaingia. Mahakama nayo inaweza kugawa lawama kwa madereva wote wawili. Ikiwezekana, ipige picha kona hiyo kabla magari hayajasogezwa.