Gift: zawadi, ndoa, sumu

Ukifundisha Kijerumani kwa watu wanaojua Kiingereza, neno Gift halikwepeki. Mwingereza akikupa "gift", pokea na ushukuru. Ukilikuta Ujerumani limeandikwa kwenye chupa, chini ya fuvu na mifupa miwili iliyopishana, usiguse: hiyo ni sumu.

Wengi hudhani yamefanana kwa bahati tu. La hasha, ni ndugu wa damu. Yote mawili yametokana na kitenzi cha kutoa, geben kwa Kijerumani na give kwa Kiingereza, na Kijerumani cha kale kilitumia gift kwa kitu chochote kilichotolewa.

Sumu basi iliingilia wapi? Kwa matabibu. Wagiriki walikuwa na neno dosis, yaani utoaji, wakakiita hivyo pia kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikaliazima, na Wajerumani wakalifasiri kwa gift yao. Toka hapo tafsida ikafanya kazi yake: "alichopewa" kikawa kile cha kuua. (Tusiwacheke. Dawa ya panya haijawahi kumponya panya.) Na dosis hiyohiyo, ikipitia Kiingereza, ndiyo dozi tunayoambiwa hospitalini tuimalize.

Maana ya zamani haikufutika. Mitgift ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kwa mumewe, na sarufi yenyewe inatoa ushahidi: die Mitgift bado ni neno la kike (die ndiyo alama ya jinsi hiyo katika Kijerumani) kama gift ya kale, ilhali das Gift, sumu, limehamia jinsi isiyo ya kike wala ya kiume.

Ndoa inajitokeza kwingine pia. Katika Kiingereza cha kale gift ilikuwa mahari, na katika wingi ilimaanisha harusi. Waholanzi wametenganisha mambo: gift ni mchango, gif ni sumu. Waswidi hawakujisumbua. Kwao gift, inayotamkwa "yift", ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Utani wao unaweza kuukisia mwenyewe.

Upande wa Kilatini hali ni ileile. Poison ya Wafaransa imetoka kwa potio, kinywaji tu. Veneno ya Wahispania na veleno ya Waitalia zimetoka kwa venenum, ambayo wataalamu wengi huihusisha na Venus, mungu wa mapenzi. Kwa maoni yao, mwanzoni lilikuwa limbwata.