Mlango mpana wa kioo: tuanzie chini, kwenye reli

Wateja wengi hunipigia simu nyumba ikiwa imeshapauliwa, plasta imekauka na marumaru zimeshalazwa. Wanataka tuzungumzie rangi ya fremu, na kama kioo kiwe cheupe au cha rangi ya shaba. Mimi huinama kwanza nikatazama sakafu. Mlango wa kusogeza wa futi 10 au 16, ule unaofungua sebule kwenda barazani, hufa au kudumu kwa sababu ya vitu visivyoonekana kwenye picha: reli, magurudumu na njia ya maji.

Fanya hesabu hii kabla ya kuchagua chochote. Kioo chenye mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene. Bawa moja la mlango, yaani kipande kimoja kinachosogea, lenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.4, likiwa na kioo cha milimita 8, linabeba kilo 72 za kioo kitupu, fremu bado. Huo ni karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji, unaokwenda na kurudi kila siku juu ya magurudumu machache. Gurudumu jembamba la nailoni lililotengenezwa kwa ajili ya dirisha halitauweza mzigo huo. Litabonyea, bawa litaanza kukwaruza reli, na mtoto hataweza kulisogeza. Muulize fundi wako: magurudumu haya yanabeba kilo ngapi? Yana beringi? Yanaweza kuinuliwa kwa skrubu bila kung'oa mlango? Akisita, bado hujapata mlango.

Sasa maji. Pwani yetu, upepo wa kusi unapoleta mvua ya masika, maji hayadondoki tu, yanasukumwa mlangoni. Mlango wa kusogeza hauzibi kabisa kama ule wa bawaba; umeundwa ili maji kidogo yaingie kwenye reli, kisha yatoke nje kupitia vitundu. Nilifunga mlango wa mabawa matatu Kigamboni, mwezi wa Februari, kukiwa kukavu. Baada yangu akaja fundi marumaru, akaziba vitundu vyote kwa saruji nyeupe ili ukingo wa baraza upendeze. Masika ilipoanza, reli ilijaa kama mtaro na maji yakamwagikia kwenye zulia. Iliniuma sana, kwa sababu kosa lilikuwa langu pia: sikumwonyesha mtu yeyote vitundu vile viko wapi. Tangu hapo sikabidhi mlango kabla ya kumimina ndoo ya maji kwenye reli, mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni anatazama yanatokea wapi.

Baraza liwe chini ya sakafu ya ndani, na mteremko wake uelekee nje. Wapo wanaotaka ndani na nje pawe sawa, bila kizingiti. Inawezekana, na kwa mzee anayetumia kiti cha magurudumu ni jambo jema sana, lakini mfereji wenye kifuniko cha matundu lazima uwekwe mbele ya reli, na uamuzi huo ufanywe kabla zege la sakafu halijamwagwa.

Juu kuna lenta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya uwazi wa mlango. Uwazi mpana unahitaji lenta iliyopigiwa hesabu na mhandisi, si nondo za kukisia. Lenta ikishuka hata milimita chache inaikalia fremu, na watu hulaumu magurudumu. Mimi huacha nafasi ndogo kati ya lenta na fremu, naijaza povu na silikoni, ili zege likijishusha lisiuguse mlango.

Mlango utazame wapi? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, juu kwa nyuzi kama 60. Paa la baraza lililotoka mita 1.5 linatia kivuli karibu mlango wote. Upande wa magharibi ni habari nyingine: jua la saa kumi jioni hupenya chini ya paa lolote, na sebule inakuwa tanuri. Hapo nashauri mlango mdogo na mti. Kumbuka pia kwamba mabawa mawili hufungua nusu tu ya uwazi. Matatu kwenye reli tatu hufungua theluthi mbili. Wavu wa mbu unataka reli yake mwenyewe, na grili nayo ipangwe mapema.

Kuhusu kioo sina mjadala: kiwe kilichokomazwa kwa moto, ambacho kikivunjika hugeuka chembe butu, au cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa plastiki katikati, ambacho hubaki kimeshikana hata kikipigwa nyundo. Kioo cha kawaida cha dirisha kikivunjika juu ya mtoto anayekimbia, kinachana kama kisu.

Kioo kilichokomazwa hakikatwi tena. Kwa hiyo napima upana juu, katikati na chini, napima urefu kushoto, katikati na kulia, nachukua kipimo kidogo zaidi, na narudia yote plasta ikishakauka. Ndipo naagiza.