Jibini laini ya nyumbani: moto kwanza, ndimu baadaye

Kila Wiki ya Maziwa inapokaribia, kuelekea Juni 1, tunawafundisha wafugaji wa Tabora kusindika maziwa yanayobaki. Mtindi na samli hawahitaji kufundishwa na mtu. Malalamiko yanatoka kwenye jibini laini: watu wanaumwa matumbo baada ya kula vibakuli vilivyonunuliwa mtaani, havina jina la mtengenezaji wala tarehe. Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta maziwa hayakuchemshwa.

"Ndimu inaua vijidudu." Kauli hii tumeisikia mno. Ndimu inagandisha maziwa, haiyafanyi kuwa salama. Bakteria wa brusela, wale wanaofanya ng'ombe atupe mimba, huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka, viungo vikauma, akameza dawa za malaria bila nafuu. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita humo humo. Tunaomba pia maziwa yaliyokwisha kuharibika yasiokolewe kwa kufanywa jibini. Na kama ng'ombe amechomwa sindano ya antibiotiki, subirini siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite, kwa sababu kuchemsha hakuondoi dawa.

Chukua lita 5 za maziwa ya leo, uyachuje. Bandika sufuria, koroga ili yasishike chini, hadi yaanze kufura. Epua, acha dakika mbili. Kamua ndimu upate kama mililita 150, changanya na maji safi kiasi hicho hicho, kisha mimina kidogo kidogo huku ukipitisha mwiko taratibu. Usikoroge kwa nguvu, mabonge yatasagika. Utaona maziwa yanakatika: weupe unajikusanya, na katikati yanabaki maji ya kijani-njano, karibu uone mwiko chini yake. Hapo acha kumimina, hata kama ndimu imebaki. Ikizidi, jibini inakuwa kali na ngumu. Baada ya dakika 10 mimina kwenye kitambaa cha pamba kilichochemshwa, funga, ning'iniza nusu saa. Chumvi kijiko kimoja cha chai kinatosha. Utapata jibini pungufu kidogo ya kilo moja, na maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa zaidi kwa sababu yana mafuta mengi. Yale maji msiyamwage, pikieni uji au ugali, yana protini na vitamini za kundi B.

Gramu 100 za jibini hii zina protini gramu 11 hadi 18, kutegemea ulivyoikamua, pamoja na kalsiamu. Wanaosumbuliwa na maziwa mabichi au ya moto huivumilia vizuri zaidi, maana sehemu kubwa ya sukari ya maziwa imetoka na maji. Ni tamu sana na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), au na asali ya Sikonge, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Bila jokofu iliwe siku hiyo hiyo. Kwenye jokofu isizidi siku 4, na mama mjamzito aile ile iliyotengenezwa leo tu, maana kuna bakteria wanaokua hata kwenye baridi.

Ukitaka kuuza, mambo yanabadilika, na hapa tunaomba usikivu. Anza na Bodi ya Maziwa, inayosimamia tasnia hii kwa Sheria ya mwaka 2004, kisha leseni ya biashara ya halmashauri. Usajili wa jengo na bidhaa za chakula uko TBS, Shirika la Viwango. Tangu 2019 TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, haipo, imekuwa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na haishughuliki tena na chakula, kwa hiyo msituletee vyeti vyake vya zamani. Wanaogusa chakula wapimwe afya kila miezi 6. Lebo iwe na jina la bidhaa, mtengenezaji, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Bidhaa isiyosajiliwa mkaguzi huizuia, na isiyofaa huteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, achilia mbali faini au mahakama. Mjasiriamali mdogo hupata alama ya ubora ya TBS bila malipo mwanzoni, mradi awe na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Njooni nayo siku ya kwanza, msafiri kutoka Igunga au Kaliua asirudishwe kwa karatasi moja.