Mfumo endeshi: msimamizi wa zamu ndani ya kompyuta

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Marangu utaikuta mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayoteremsha maji ya mlimani hadi mashambani. Maji ni hayo hayo na mashamba ni mengi, kwa hiyo lazima awepo msimamizi wa kusema nani afungulie asubuhi na nani angoje jioni. Asipokuwepo, wa juu atayamaliza maji na migomba ya chini itakauka. Ndani ya kompyuta, msimamizi huyo ndiye mfumo endeshi.

Chukua mfano umefungua barua unayoandika, muziki unacheza, kivinjari kina kurasa kumi na printa inasubiri. Vyote hivyo vinagombea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta unaofanya kazi, na ram, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa. Mfumo endeshi unaipa kila programu zamu yake, zamu fupi mno hata wewe ukaona vyote vinakwenda pamoja. Ndio pia unaogawa nafasi ya ram, unaopanga mafaili kwenye diski, na unaozuia programu moja isichungulie mambo ya nyingine. Programu ikitaka kuchapa karatasi haiigusi printa yenyewe, inauomba mfumo.

Kwa kompyuta ya nyumbani, wengi huchagua kati ya mitatu: Windows, macOS na Linux.

Windows ndiyo tuliyoizoea, hata fundi ukimpelekea mashine iliyogoma atakwambia "tuipige Windows upya". Huo ndio uzuri wake mkubwa: msaada uko karibu, na programu nyingi za ofisini zimetengenezwa kwa ajili yake. Lakini wanaonunua laptop za mtumba wasikilize vizuri hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine itawaka kama jana, ila mwanya wowote mpya utakaogunduliwa utabaki wazi, usipojiunga na mpango wao wa muda wa marekebisho ya nyongeza. Windows 11 nayo inadai ram isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0, na laptop nyingi za zamani hazina kinga hiyo. Na hiyo GB 4 ni kiwango cha chini tu. Ukiitegemea kwa kazi nyingi ni mfongo mwembamba wenye mashamba mengi, utangoja sana.

macOS inakuja na kompyuta za Apple tu. Ni tulivu na imepangika, ila bei yake unaijua. Ukiona Mac ya mtumba, ulizia prosesa: toleo la macOS 26 la mwaka 2025 ndilo la mwisho kwa zile zenye prosesa ya kampuni ya Intel.

Linux ndiyo ninayoipigania, maana watu wanaikimbia kabla ya kuiona. Kiini chake, yaani sehemu ya ndani inayogawa zamu, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na kiini hicho hicho ndicho kilichomo kwenye simu yako ya Android. Ni ya bure kabisa, kwa hiyo huna sababu ya kutafuta nakala za wizi zinazokuja na virusi. Aina yake moja maarufu, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Unaweza kuiweka kwenye flashi, ukawashia kompyuta humo na kuijaribu bila kugusa kitu kwenye diski.

Mdogo wangu anasoma chuo, na laptop yake ina ram ya GB 4 na umri wa zaidi ya miaka kumi. Tuliiwekea Linux Mint, aina nyingine ya Linux. Anaandika kazi zake kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisini, anaingia kwenye mtandao wa chuo, anaangalia video za masomo. Jambo moja tu analoliangalia: faili la Word lenye majedwali linaweza kubadilika mpangilio, kwa hiyo kazi ya kukusanya huigeuza kuwa PDF kwanza.

Dada yetu ni mhasibu, na programu ya ofisini kwao inakubali Windows peke yake. Yeye nilimshauri abaki huko huko, ila anunue mashine inayopokea Windows 11 na yenye ram ya GB 8.