Mtoto, Mnyama na Kamera: Tunayoyaamini na Yaliyotokea Kweli

Kuna filamu ambazo mtoto akizitazama mara moja hazimtoki tena. Mtoto mpweke anakutana na mnyama wa porini. Mwanzoni wanaogopana, kisha wanazoeana, halafu watu wazima wanaingilia kati na kutaka kuwatenganisha. Nazipenda filamu hizi kwa moyo wote, na siandiki haya ili mzazi yeyote azizime. Naandika kwa sababu zimetuachia vichwani mambo yasiyo ya kweli, na baadhi yake yamewaumiza wanyama na watu.

Dhana: Nyangumi wa Free Willy aliruka ukuta, akarudi kwao, mambo yakaisha

Aliyeigiza Willy aliitwa Keiko. Alikamatwa baharini karibu na Iceland mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka miwili hivi, akapitishwa Kanada, na mwaka 1985 akauzwa kwa bustani ya burudani katika jiji la Mexico. Filamu ilipotoka mwaka 1993, watoto walitoka kwenye kumbi za sinema wakishangilia uhuru wa Willy. Saa hiyohiyo Keiko alikuwa bado anazunguka kwenye bwawa dogo lenye maji ya joto kupita yale aliyozaliwa nayo, ngozi yake imeota vinundu vya ugonjwa wa virusi. Ule mruko juu ya mawe, mvulana akiwa chini ameinua mkono, hakuufanya yeye. Ni kazi ya nyangumi wa mashine na picha za kompyuta.

Hata pezi lake la mgongoni lilikuwa likitueleza jambo ambalo hatukulisoma. Lilikuwa limelala upande, na wengi wakadhani ndivyo madume wa nyangumi muuaji walivyo. Dume aliye baharini pezi lake husimama wima, refu kama mtu mzima. Kulala vile ni kawaida kwa madume waliofungiwa, na kwa walio huru ni nadra sana.

Kilichofuata kilianzishwa na watazamaji wenyewe. Watu walipojua hali yake, wakaandika barua na kuchanga fedha, watoto wengi wakiwemo. Januari 1996 Keiko akasafirishwa kwa ndege hadi Oregon, Marekani, akawekwa kwenye bwawa kubwa la maji ya bahari. Akanenepa, ngozi ikapona. Septemba 1998 akapelekwa Iceland, kwenye ghuba iliyozungushiwa wavu, akaanza kufundishwa maisha ya baharini upya. Kiangazi cha mwaka 2002 akawafuata nyangumi wenzake, kisha akavuka bahari hadi Norway, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Na alipofika huko, akatafuta watu. Watoto waliogelea naye na kumpanda mgongoni hadi mamlaka zikakataza watu kumkaribia. Desemba 2003 akafa kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 27 hivi.

Wapo wanaosema mradi wote ulikuwa upotevu wa fedha, kwamba angeachwa tu bwawani. Sikubaliani nao. Keiko aliogelea tena katika bahari aliyozaliwa, na hilo si dogo. Kosa halikufanyika mwaka 2002 bali mwaka 1979. Nyangumi hawa, ambao kwa kweli ni wa jamii ya pomboo, huishi katika koo zinazoongozwa na akina mama. Kwenye makundi yaliyochunguzwa kwa miaka mingi, mtoto wa kiume hukaa na mama yake maisha yote, na kila ukoo una milio yake ambayo watoto hujifunza kwa kuisikia. Keiko alitolewa kabla hajajifunza hayo. Wavu ungeweza kufunguliwa, lakini hakuna aliyeweza kumrudishia mama yake.

Dhana: Ukimlea tangu mchanga, simba atakuwa kama mbwa

Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu kinajua tofauti ya kuzoea na kufugika. Mnyama mmoja anaweza kumzoea mtu ndani ya maisha yake. Mfugo hupatikana kwa vizazi vingi vya kuchagua ni nani azae na nani. Mbwa wamekuwa na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kule Novosibirsk, Siberia, kuwazalisha mbweha waliokuwa wapole kuliko wenzao tu, kizazi baada ya kizazi, na wazao wa mbweha wale wakaanza kuwatikisia watu mikia. Kilichowabadilisha ni uzazi. Upendo wa mtoto mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kuifanya kazi hiyo katika mnyama mmoja.

Kati ya simba walioigiza katika Born Free ya mwaka 1966, iliyopigwa nchini Kenya, alikuwemo mmoja aliyeitwa Boy. Alikuwa amelelewa na watu tangu mdogo. Baada ya filamu, George Adamson, ambaye yeye na mkewe ndio waliomlea Elsa, simba wa kweli wa hadithi ile, alimchukua ili amrudishe porini, akaishi naye kwa miaka. Mwaka 1971, kule Kora, Boy alimuua mfanyakazi wa Adamson, na Adamson mwenyewe akampiga risasi. Boy hakuwa na ukatili wowote wa pekee. Alikuwa simba.

Mfano mwingine ni Roar ya mwaka 1981, iliyotangazwa kama burudani ya familia. Waliotengeneza waliishi na simba wao nyumbani kwa miaka, wakiamini kwamba mapenzi yanatosha. Mpiga picha mkuu alichanwa ngozi ya kichwa akashonwa nyuzi zaidi ya 200, na binti wa nyota wa filamu, naye akiwa mwigizaji, alijeruhiwa usoni akahitaji upasuaji. Hakuna tukio la sinema linaloweza kunifanya nisahau hilo nikimwona mtoto akipakatwa na mwana-simba ili apigwe picha.

Na kwa kuwa tumeitaja Born Free: wengi huikumbuka kama hadithi ya mtoto na simba, kumbe Elsa alilelewa na Adamson na mkewe, watu wazima. Tena tunasahau alivyokuwa yatima. Mwaka 1956 Adamson, aliyekuwa mhifadhi wa wanyamapori, alimpiga risasi mama yake Elsa alipomrukia, ndipo akagundua alikuwa na watoto watatu. Elsa alibaki, dada zake wawili wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Elsa alipata watoto wake porini, na hilo ndilo jambo kubwa la maisha yake, lakini alikufa mapema mwaka 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe.

Dhana: Mtoto wa mnyama akionekana peke yake, ametelekezwa

Hii ndiyo ningependa kila mzazi aijue, kwa sababu hutokea nje ya sinema kila siku. Kulungu na swala wengi huwaficha watoto wao majanini, wakaenda kula kwa saa nyingi. Mtoto hutulia tuli, hana harufu kali, na mama hukaa mbali makusudi asiwaonyeshe wawindaji alipo. Anayepita na kumwokota hajamwokoa, bali amemnyang'anya mama aliyekuwa njiani kurudi.

Filamu ya The Yearling ya mwaka 1946 ilikuwa makini hapa. Kale ka-kulungu ka mvulana Jody ni yatima kweli, maana baba yake Jody, aliyeumwa na nyoka, amemuua kulungu mama ili atumie viungo vyake kuvuta sumu. (Tiba hiyo haifanyi kazi. Aliyeumwa na nyoka awahishwe hospitali.) Filamu ikaendelea hadi mahali ambapo nyingi huogopa kufika: kulungu akakua, akala mahindi ya familia ambayo ndiyo maisha yao, na mwishowe mvulana mwenyewe akalazimika kummalizia rafiki yake aliyekuwa amejeruhiwa kwa risasi. Nimesikia wazazi wakisema mwisho ule ni mkali mno kwa watoto. Mimi naona ni wa heshima. Unamwambia mtoto kwamba mnyama wa porini atakua, na kwamba njaa yake haitaisha kwa sababu anapendwa.

Kuhusu ndege, usemi kwamba mama hukataa kifaranga kilichoguswa na mkono wa mtu hauna msingi. Ndege wengi hawategemei pua kumtambua mtoto wao. Kifaranga kisicho na manyoya kikianguka, kirudishwe kiotani. Kile chenye manyoya kinachorukaruka chini kinajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu wanakitazama.

Dhana: Bata bukini walimfuata msichana angani kwa sababu walimpenda

Fly Away Home ya mwaka 1996 ni nzuri sana, na kiini chake kilitokea. Mchongaji wa Kanada, Bill Lishman, ndiye aliyeruka na bata bukini kwa kindege chepesi, na mwaka 1993 akawaongoza 18 kutoka Ontario hadi Virginia. Msichana wa filamu ni wa kubuni, ila ndege wale kumfuata mtu si uongo.

Walimfuata kwa nini? Kifaranga cha bukini, ndani ya saa chache baada ya kutoka yaini, humshika kama mama kiumbe anayemwona akitembea mbele yake. Mwanasayansi Konrad Lorenz aliieleza tabia hii kwa kina katika miaka ya 1930, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya tabia za wanyama. Kinyago, kiatu au injini vinaweza kushikwa vilevile. Bukini pia hawazaliwi wakiijua njia ya kuhama. Huonyeshwa na wazazi, ndiyo maana mzazi wa bandia mwenye mabawa aliweza kuwaonyesha.

Waliochukua mbinu hiyo kuokoa korongo weupe wa Amerika Kaskazini, ambao katika miaka ya 1940 walibaki wachache mno, walifanya kinyume kabisa cha sinema. Kuanzia mwaka 2001 waliwaongoza vijana wa korongo kutoka Wisconsin hadi Florida wakiwa wamevaa mavazi meupe yaliyoficha umbo la binadamu, hawasemi neno, wakilisha kwa kinyago cha kichwa cha korongo. Ndege asimjue mtu, asimpende mtu. Hata hivyo safari hizo zilisitishwa mwaka 2016, sababu mojawapo ikiwa kwamba ndege waliolelewa hivyo hawakuwa wazazi wazuri. Nikiitazama filamu sasa, bado nalia mahali palepale, lakini nawafikiria pia wale watu waliokaa miezi kimya ndani ya mavazi ya joto ili wasipendwe.

Dhana: Pomboo anatabasamu, na yule kwenye skrini ni mmoja tu

Mdomo wa pomboo umejengwa hivyo. Huonekana akitabasamu akiwa mgonjwa, akiwa na hofu, hata akiwa amekufa. Sokwe naye anapotoa meno yote nje, mara nyingi ni woga. Na "Flipper" wa televisheni ya miaka ya 1960 hakuwa pomboo mmoja. Waliigiza kadhaa, wengi majike, waliofuata ishara na samaki wa mkufunzi. Mmoja wao, Kathy, alikufa mwaka 1970, na mkufunzi Ric O'Barry akaacha kazi ile, akageuka kuwa mpinzani wa kuwafungia pomboo.

Dhana: Maandishi ya mwisho yakisema hakuna mnyama aliyeumizwa, basi yote yalikuwa salama

Usimamizi wa wanyama kwenye filamu, unaotoa maandishi hayo, ulianza Marekani baada ya farasi kufa kwa kusukumwa kutoka genge refu wakati wa kupiga Jesse James ya mwaka 1939. Umesaidia sana. Lakini maandishi yale yanahusu hasa yaliyotokea mbele ya kamera. Mnyama alikamatwa wapi, alizoeshwa vipi, na alipelekwa wapi kazi ilipoisha, hayasemi.

Dhana: Filamu ikiisha, mnyama husahau

Baada ya Born Free, Virginia McKenna na mumewe Bill Travers waliigiza filamu nyingine nchini Kenya, An Elephant Called Slowly, wakiwa na ndovu mchanga aliyeitwa Pole Pole. Alikuwa ametolewa na serikali kama zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Wawili hao waliomba wamnunue abaki, wakaambiwa basi atakamatwa mwingine badala yake. Hawakuweza kulibeba hilo. Pole Pole akaenda.

Mwaka 1982 walikwenda kumtazama London. Alikuwa amesimama peke yake. Wakamwita kwa jina lake. Akageuka, akaja hadi ukingoni, akanyoosha mkonga hadi ukagusa mikono yao.

Mwaka uliofuata alikufa, akiwa bado kijana kwa umri wa ndovu. Mwaka 1984 McKenna na Travers walianzisha shirika la kuchunguza hali za wanyama waliofungiwa, lile ambalo baadaye lilichukua jina la filamu yao.