Baiskeli haipimwi kwa kidole

Jumamosi moja mteja aliingia karakanani kwangu, akapitisha vidole viwili chini ya bomba la juu la fremu, akainyanyua baiskeli iliyoegemea ukuta, akaitikisa kidogo kama mtu anayepima papai sokoni, kisha akaisogelea ya pili na kufanya vivyo hivyo. "Fundi, hii ndiyo nyepesi, hii ndiyo ya mashindano. Nipe hii, mimi sitaki ya kuchezea." Alikuwa wa tatu kwa mwezi huo. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mnamo Septemba 2025, saa chache tu kutoka hapa Goma, kila anayetafuta VTT, yaani baiskeli ya mlimani, anataka kwanza kusikia neno "mashindano", nami nimechoka kujibu kwa mdomo. Yale ya Kigali, kwa taarifa yenu, yalikuwa ya barabarani, juu ya lami na mawe ya kupangwa, kwa baiskeli zenye usukani uliopinda ambazo hazina udugu na jambo tunalolizungumzia. Hilo nalipita.

Imani inayonikera ni kwamba baiskeli za mlimani zimepangwa kama ngazi: chini kabisa ya mtoto, katikati ya kufurahia, juu kabisa ya mashindano, na kwamba mwenye fedha ya kufika juu hana sababu ya kubaki katikati. Ukweli ni kwamba baiskeli ya mbio na baiskeli ya vijia, ile ya kufurahia, zinaweza kutoka kiwanda kimoja, zikauzwa bei moja na kutumia gia zilezile, na bado kila moja ikawa imeacha kitu ambacho mwenziwe amekishika. Ile ya mbio imeacha mengi ili ipate jambo moja tu, nalo ni kufika juu ya kilima sekunde kadhaa kabla ya jirani.

Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mbio za mlimani zilifanyika katika kilima cha Élancourt. Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha mbio zikiwa zimeiva, akajikokota hadi kituo cha mafundi, akabadilishiwa gurudumu, akapoteza zaidi ya nusu dakika, kisha akawafukuza waliomtangulia mmoja mmoja hadi akamshinda Mfaransa Victor Koretzky katika mzunguko wa mwisho. Watu husimulia kisa hicho kwa kusifu miguu yake, na ni haki yao. Mimi fundi namwona yule mtu aliyesimama pembeni na gurudumu mkononi. Tairi jepesi, lenye mbavu nyembamba kama ngozi ya ngoma, ni uamuzi wa busara pale ambapo mtu wa namna hiyo yupo kila baada ya dakika chache. Wewe ukipasukiwa kati ya Mugunga na Sake, ni nani aliyesimama kando ya barabara akikungoja?

Sasa tuhesabu uzito, kwa kuwa ndio unaowafanya watu wanyanyue vitu vyangu bila ruhusa. Tuseme una kilo 78, na maji, nguo, viatu na vifaa vyako vina kilo 4. Baiskeli ya vijia ina kilo 14, ya mbio ina kilo 11 na nusu. Unapopanda mlima hupandishi baiskeli peke yake, unapandisha mzigo wote, yaani kilo 96 au kilo 93 na nusu. Tofauti haifiki asilimia tatu. Kwenye mlima mkali unaokuchukua dakika 40, ukikanyaga kwa nguvu ileile, utakuwa umeokoa dakika moja hivi. Kwa mshindani, dakika moja ni bahari nzima, ni tofauti ya kupanda jukwaani na kwenda nyumbani kimyakimya. Kwa mtu anayetoka na rafiki zake Jumamosi asubuhi, ambaye akifika juu atakaa chini, atakunywa maji na kupiga picha za ziwa, dakika hiyo itapotea kabla hajafungua kifuniko cha chupa.

Tena ulizeni kilo hizo mbili na nusu zimetolewa wapi. Sehemu imetoka kwenye fremu na kwenye shokapu fupi, sawa, lakini sehemu ya haraka na ya bei nafuu ya kupunguza ni tairi. Tairi la mbio la inchi 29 huwa na gramu 700 hivi. La vijia lenye mbavu nene hukaribia au kupita 1,000. Nasi tunaishi juu ya lava. Ile iliyoshuka kutoka volkeno ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya Mei 2021 ilisimama pembezoni, upande wa Buhene. Jiwe la umri huo bado halijalainishwa na mvua wala nyayo. Lina matundu kama sifongo, na kingo za kila tundu hukata kama chupa iliyovunjika. Nimetoa tairi la mbio lenye mkato ubavuni wa urefu wa ukucha wa kidole gumba, nyuzi zimefumuka kama ukindu wa mkeka uliochoka, dawa nyeupe ya kuziba imetapakaa kwenye spoki zote, na mwenyewe amesukuma baiskeli kilomita tisa. Dawa hiyo huziba tundu la mwiba. Mkato wa namna ile haiuwezi. Dawa yake ni kushona, kuweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani na kurudisha tyubu, na kama hujabeba kipande, kunja noti ya faranga mara nne uiweke pale. Itakufikisha nyumbani, ingawa haitanunua kitu tena.

Upepo nao: watu wazima wenye akili zao hujaza bar tatu hadi tairi linalia likigongwa, kisha hulalamika kwamba baiskeli inawarusha. Bar moja na nusu, basi. Mzito aongeze kidogo.

Jambo ninalotaka kulikalia ni pembe ya shingo la fremu, pale usukani unapoingia, kwa sababu hakuna anayeliuliza na ndilo linaloamua kama utacheka au utafunga breki kwa hofu. Baiskeli ya mbio ina shingo lililosimama zaidi, mara nyingi nyuzi 67 au 68. Ya vijia imelala, nyuzi 65 hivi, na nyingine chini ya hapo. Shingo likilala, gurudumu la mbele linakwenda mbali zaidi na mwili wako, kwa hiyo unaposhuka na gurudumu likagonga jiwe, uzito wako bado uko nyuma yake na baiskeli inapita. Shingo likisimama, gurudumu liko karibu na kifua; usukani unaitika haraka, mlima mkali unapandika bila gurudumu kuyumbayumba, lakini jiwe lilelile linaweza kukutupa mbele ya usukani. Yule anayeshangaa kwa nini urefu ni usalama na aende akatazame chukudu, kile chombo cha mti cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Wanaoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi hawakusoma jedwali la nyuzi popote, lakini waliuchonga mti mrefu, wakashusha mzigo chini karibu na ardhi na kulitanguliza gurudumu mbele kabisa. Hakuna aliyewahi kuinyanyua chukudu kwa vidole viwili ili ajue kama ni nzuri.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo wenye maduka hawasemi. Nikifungwa macho na kupewa baiskeli mbili zinazotofautiana kwa nyuzi moja tu, sidhani kama nitazitambua, maana urefu wa shina la usukani na upana wa usukani wenyewe vinaweza kuficha tofauti hiyo. Zaidi ya hayo, njia za mashindano zenyewe zimekuwa za mawe na miruko kuliko zamani, na viwanda vimeanza kulaza shingo la baiskeli za mbio na kuzipa shokapu yenye mwendo wa milimita 120 mahali pa 100. Mpaka kati ya aina hizi mbili unafifia mwaka hadi mwaka, kwa hiyo msiangalie jina lililoandikwa kwenye fremu. Ulizeni nyuzi, ulizeni milimita, bonyezeni ubavu wa tairi kwa kidole. Hapo ndipo kidole kina kazi.

Gia, leo zote zinatosha. Breki ziwe za mafuta. Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kidude cha kidole gumba, kama fedha ipo, inunuliwe kabla ya mapambo mengine yoyote.

Shokapu ya nyuma inanitia mashaka, na ninajua baadhi ya wenzangu watanikasirikia. Vitabu vya viwanda mara nyingi vinasema baiskeli ya vijia ni ile yenye shokapu mbele na nyuma, na kwa kuendesha tu sina ubishi. Lakini vitabu hivyohivyo vinataka shokapu ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 hivi za matumizi, na havikuandikwa kwa vumbi letu jeusi la volkeno, ambalo huingia kwenye bearingi na kusaga kama msasa. Sili za shokapu hapa mjini huzipati leo. Utaagiza, utangoja, utalipa mpakani. Mimi mwenyewe napanda baiskeli yenye mkia mgumu, yaani isiyo na shokapu nyuma, uma wa mbele wa milimita 130, shingo lililolala, tairi nene. Inanipiga mgongo kwenye lava, ndiyo. Inatoka kila Jumamosi, pia ndiyo. Bado sijaamua kama huo ni ushauri mzuri au ni uzee wangu tu.

Wapo wanaostahili baiskeli ya mbio. Ninaye binti mmoja anayeondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, anapanda kwa saa mkononi na kuandika dakika zake kwenye daftari. Huyo nilimtafutia kilo 10 na gramu kadhaa bila kumhubiria neno. Anajua anachonunua na anachokiacha.

Yule wa Jumamosi alichukua ile nyepesi. Nilimweleza yote haya, akaitikia kwa adabu, akalipa. Siku ya kumi na mbili alirudi akiisukuma, mkato ubavuni, suruali imechafuka hadi magotini. Tulichagua tairi mbili za gramu 1,000, nikazifunga, nikatia dawa, nikampimia upepo. Alipotaka kuondoka, mkono wake ukaenda wenyewe chini ya bomba la fremu.

"Fundi, imekuwa nzito."

"Ndiyo, papa."

Akaishusha taratibu, akapanda, akaelekea Himbi.