Safari fupi ndizo zinazomaliza mafuta

Watu wanaonijia kutaka ushauri wa kupunguza moshi wa magari yao huulizia kwanza gari gani wanunue. Nikiwa mtu ambaye kazi yake ni injini, huwarudisha kwenye jambo lisilohitaji fedha: safari za petroli zisizofika kilomita tatu, ambazo kila kilomita yake hugharimu mafuta mengi kuliko kilomita ya safari ndefu.

Injini ikiwashwa ingali baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza kiwango cha mafuta ili yawake bila kukatika. Oili nayo bado ni nzito, na sehemu ya nguvu huishia katika kuisukuma. Juu ya hayo, kifaa cha kusafisha moshi kilichofungwa kwenye ekzosi hakifanyi kazi ipasavyo mpaka kifikie nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi. Aliyekwenda kufuata dawa kwa dakika tano amezima gari kabla mitambo haijakaa sawa, na akitoka tena jioni anaanza upya kulipa gharama ileile.

Ndiyo maana nasisitiza kuunganisha shughuli. Dawa, posta na kumchukua mtoto shuleni vikipangwa katika mzunguko mmoja, injini hupashwa joto mara moja tu. Hata mpangilio wa vituo una maana yake: ukiweza, anza na kile cha mbali zaidi, injini ipate joto kamili, kisha urudi ukipitia vya karibu, ambako utazima na kuwasha ikiwa bado ya moto.

Safari hizo fupi ndizo pia zinazowezekana bila gari. Kilomita mbili kwa miguu ni dakika 25 hivi, na kwa baiskeli hazifiki 10. Kwa maoni yangu kinachowashinda wengi ni mzigo kuliko umbali. Baiskeli yenye kikapu, iliyowekwa karibu na mlango badala ya kufungiwa stoo nyuma ya makorokoro, hutumika.

Wapo wanaodhani kwamba lita moja ya petroli ni kitu kidogo. Ina uzito wa gramu 750 hivi, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Hesabu hiyo hushangaza mpaka ukumbuke kwamba kila atomu ya kaboni hujiunga na atomu mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito.

Safari isipoepukika, tazama mbali. Ukiona taa nyekundu mbele, ondoa mguu kwenye mafuta mapema na uliache gari lijiburute likiwa ndani ya gia: katika injini za kisasa, kompyuta hukata mafuta kabisa wakati huo, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Wanaoweka gia huru mteremkoni wakidhani wanabana matumizi hufanya kinyume chake, maana injini iliyoachwa huru lazima ichome mafuta ili isizimike, na dereva hupoteza msaada wake katika kupunguza mwendo, jambo ambalo ni hatari. Ukisimama pembeni kumngoja mtu, zima. Kusubiri kwa zaidi ya sekunde 10 hivi huku injini ikiunguruma hula mafuta kuliko kuiwasha tena.

Keria ya juu isiyo na mzigo ifunguliwe, kwa sababu inapingana na upepo safari nzima. Tairi zipimwe upepo walau mara moja kwa mwezi, kabla ya gari kutembea, kwani tairi iliyopata joto barabarani huonyesha kipimo kikubwa kuliko hali yake halisi. Kipimo sahihi kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ukingoni mwa mlango wa dereva; namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi yenyewe, wala si kipimo cha gari lako.